Heko, Bwana Kosa

Watu wa sifa wamekwisha kusifu kila kitu. Wamewasifu masultani na majemadari, bibi harusi na ukoo wake, kahawa, bahari, hata timu iliyoshinda kwa bao la mkono. Katika karne ya pili, Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa ndefu, akaueleza ujasiri wake kana kwamba anamweleza shujaa wa vita vya Troya. Nzi naye, basi, kapata zake. Lakini yupo mtumishi mmoja ambaye hajasifiwa na mtu, ingawa kila usiku anawahudumia vijana kwenye maabara za kompyuta bila shukrani wala posho. Huyo ni kosa la kompaila, hasa lile linalomzukia mwanafunzi anayeandika programu yake ya kwanza ya mtandao kwa lugha ya C.

Mnalijua. Kijana amemaliza kuandika seva ndogo ya mwangwi, ambayo kazi yake ni kurudisha kila ilichotumiwa. Mistari yenyewe haifiki mia. Anaandika "gcc seva.c -o seva", anabonyeza kitufe, anaegemea kiti kama mtu aliyekwisha kumaliza. Skrini inajaa maandishi mekundu. Kijana anasonya, wenzake wanageuka kutazama, na tangu dakika hiyo aliyeleta habari ndiye anayeonekana adui. Nasema hiyo ni dhuluma, na leo nasimama kumtetea mdhulumiwa. Kwa heshima zote nitamwita Bwana Kosa.

Tuanze na nasaba, maana sifa isiyo na nasaba ni porojo. Bwana Kosa wa mtandao ametoka katika koo mbili kubwa za Marekani. Kwa baba ni C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mama ni soketi, milango ya programu kuelekea mtandao, zilizotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zikasambaa duniani pamoja na toleo la Unix la 4.2BSD mwaka 1983. Ndoa ilifungwa kabla sheria za nyumba hazijaandikwa, kwa kuwa kiwango cha kwanza cha C kilipitishwa mwaka 1989. Watu wa Berkeley walitaka fanksheni "bind" ipokee anwani ya mtandao wa aina yoyote, ila lugha ya siku zile haikuwa bado na "void *", pointa isiyobagua aina. Wakatunga muundo wa jumla, "struct sockaddr", wakaamuru kila anwani nyingine ivae sura yake inapopita.

Ndiyo maana hadi leo mwanafunzi hujaza vizuri "struct sockaddr_in" yake, akaikabidhi "bind" kama ilivyo, na Bwana Kosa akamsimamisha: hoja ya pili ni pointa ya aina isiyolingana. Dawa ni kuandika "(struct sockaddr *)&anwani". Kijana hubandika mabano hayo kama anayebandika stempu, asijue kwamba amelipa deni la mwaka 1983. Ni mwalimu gani mwingine wa historia anayefundisha saa nane za usiku, bila ada, tena kwa mifano?

Na wala msipite haraka penye jina la heda "arpa/inet.h", mojawapo ya mafaili ya matangazo ambayo programu huyaita mwanzoni. ARPA ulikuwa wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ndio uliogharamia ARPANET, ambayo kompyuta zake mbili za kwanza zilizungumza Oktoba 1969. Kijana akiisahau heda hiyo, kwa maana moja ameidharau Pentagon, na adhabu yake ni mstari mmoja wa maandishi. Watu wamepata makubwa kuliko hayo kwa makosa madogo kuliko hilo.

Baada ya nasaba, tabia. Sifa yake ya kwanza ni kusema kweli mbele ya mhusika. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Bwana Kosa anakwambia toka, anakuonyesha mlango, na anakuandikia anwani ya mlango wenyewe: "seva.c:23:10", yaani faili, mstari wa 23, herufi ya 10. Tafuta huduma kama hiyo kwingine. Peleka fomu kwenye dirisha la ofisi yoyote, irudishwe, kisha uliza ilipokosewa. Utaambiwa mfumo umekataa, njoo Jumatatu. Hakuna karani aliyewahi kukuwekea kimshale chini ya herufi iliyokosewa.

Wanaomlaumu husema lugha yake ni ya mafumbo. Wanatoa mfano wa kauli yake kwamba ukubwa wa "anwani" haujulikani. Mwanafunzi hukasirika: haujulikani vipi, na nimeitangaza mwenyewe kwa mkono wangu, "struct sockaddr_in anwani"? Lakini tazameni upole wa jibu hilo. Kijana ametaja jina la kitu, hakueleza kilichomo. Maelezo yake yako ndani ya "netinet/in.h", na heda hiyo hakuiita. Kompaila inatakiwa kutenga nafasi ya baiti 16, na hakuna aliyeiambia kuwa ni 16. Ingeweza kubahatisha. Ingeweza kutenga 8 ikaombea mema, kama wafanyavyo wakandarasi fulani na nondo. Imekataa kujenga juu ya kitu isichokijua, nasi tunaita hilo ukaidi.

Sifa ya pili ni ukarimu, na hapa nakiri kwa niaba yake kwamba ukarimu wake una mipaka. Mwanafunzi akisahau heda "unistd.h", zile "read", "write" na "close" anazozitumia kwenye soketi zinakuwa wageni wasiojulikana. GCC, kompaila yenyewe, siku hizi haiishii kulalamika, inapendekeza. Ikiona "close" isiyotambulika, inauliza: je, ulikusudia "pclose"? Ikiona "write", inauliza: je, ulikusudia "fwrite"? Pendekezo linatolewa kwa sababu majina yanafanana na jina la pili ndilo lililoko katika "stdio.h" aliyoiita. Mwanafunzi mtiifu hufuata ushauri, akaandika "fwrite", akaangukia shimo jingine lenye hoja nne badala ya tatu. Huo ndio ukarimu wa jirani anayekuelekeza njia asiyoijua kwa sababu anaona aibu kukuacha hivihivi. Nia yake ni safi. Lawama zetu ziende kwa aliyefuata maelekezo bila kufungua ukurasa wa mwongozo, ambao kwa "man 2 close" ungemtajia heda anayoitafuta katika mistari ya mwanzo kabisa.

Sifa ya tatu ni kutopendelea. Hajali cheo, hajali ukoo, hapokei chochote chini ya meza. Profesa na mwanafunzi wa muhula wa kwanza husimama mbele yake sawasawa. Ushahidi ni huu: mwaka 1978 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walichapisha kitabu cha C, na programu yake ya kwanza, ile ya kuisalimu dunia, ilianza na "main()" tupu, bila aina mbele yake na bila kuita heda. Ipeleke programu hiyo leo kwa GCC 14 bila kuongeza amri yoyote. Inagonga mwamba, kwa sababu aina haikutajwa na "printf" haikutangazwa. Aliyeibuni lugha yenyewe angeambiwa arudi nyumbani akakamilishe makaratasi. Nchi ngapi zina mahakama ya namna hiyo?

Sifa ya nne ni wingi wa maneno, na hii ndiyo inayompatia maadui wengi. Sahau nukta mkato moja, naye anakushushia kurasa mbili. Wanaolalamika hawaelewi takrima. Kompaila ikishapotea njia mahali pamoja, inaendelea kusoma kwa moyo wote, ikiripoti kila kinachoonekana kibaya kutoka pale ilipopotelea, ikitumaini kwamba kimojawapo kitakufaa. Ustadi wa mpokeaji ni kusoma kosa la kwanza, kulirekebisha, kukompaili tena, na kuyaacha mengine yajifie. Mengi hujifia. Anayeanza kurekebisha kutoka chini kwenda juu ndiye anayekesha.

Tena kuna namna moja ya kosa hili ambayo ni somo zima la maadili. Kijana anaandika heda yake mwenyewe, "ujumbe.h", ndani yake muundo mmoja, na baada ya mabano ya kufunga anasahau nukta mkato. Katika "seva.c" anaiita heda hiyo kwanza, kisha zile za mfumo. Hapo lawama huweza kuangukia ndani ya heda ya mfumo, faili ambalo limekompailiwa salama duniani kote kwa miaka mingi. Kijana anawaandikia wenzake kwamba Linux yake imeharibika. Anafikiria kuiweka upya. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako: kilichokosekana kiko mstari wa mwisho wa faili lake, na kompaila iligundua kasoro ilipovuka tu mpaka kuingia faili la jirani.

Niseme pia neno juu ya alama za nukuu. Kijana amenakili programu kutoka kwenye hati ya mhadhara, au kutoka kwenye ujumbe wa simu aliotumiwa na rafiki. Vyombo hivyo hupenda mapambo, kwa hiyo nukuu zilizonyooka huzigeuza kuwa zilizopinda. Kwa jicho la binadamu ni zilezile. Kwa kompaila ni baiti tatu ngeni kwa kila alama, na matoleo mengi ya GCC huzitaja kwa nambari zake, "\342", "\200", "\234", kama polisi anayesoma namba za gari lisilosajiliwa. Kijana ameangalia mstari huo mpaka macho yamemwuma, haoni kasoro. Bwana Kosa ameiona kwa kuwa yeye hasomi sura, anasoma kilichoandikwa. Dawa ni kufuta alama na kuichapa upya kwa kidole, na faida ya pembeni ni kwamba angalau mstari mmoja wa programu hiyo sasa umeandikwa na mwenyewe.

Sifa ya tano ni kwamba ametembea, na aliyetembea huwapanua akili waliobaki nyumbani. Mwanafunzi mwenye Windows na kitabu kilichoandikwa kwa watu wa Unix huambiwa mara moja kwamba "sys/socket.h" haipo. Hapo ndipo anapojifunza kuwa Windows ina ukoo wake: heda "winsock2.h", fanksheni "WSAStartup" ya kuitwa kabla ya yote, na "closesocket" penye "close". Akishayapanga hayo, anapokewa na binamu wa Bwana Kosa, kosa la kiunganishi, anayesema kwamba "socket" imetajwa lakini haikuonekana ilipo. Maktaba ya "ws2_32" haikuunganishwa. Anaiongeza mwanzoni mwa amri, kabla ya jina la faili, na bado inakataa, kwa sababu kiunganishi husoma kushoto kwenda kulia na maktaba hutafutwa baada ya mwenye shida kujitokeza. Anaisogeza "-lws2_32" mwishoni, inakubali. Watu wa Solaris, Unix nyingine, nao walikuwa na foleni yao ya "-lsocket" na "-lnsl". Adabu ya foleni imefundishwa hapo zaidi kuliko kwenye vituo vya daladala.

Lakini mtihani mzuri kuliko yote ni wa mwanafunzi mwadilifu. Mhadhiri amesema tumieni kiwango, andikeni "-std=c99". Anatii. Programu iliyokuwa ikikubali jana inakataa leo: ukubwa wa "hints" haujulikani, na "struct addrinfo" haieleweki, ingawa heda "netdb.h" imeitwa na iko mahali pake. Ametubu, ameadhibiwa. Sababu ni kwamba kiwango cha C hakina neno hata moja kuhusu mtandao. Soketi, "getaddrinfo" na jamaa zao ni mali ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, na aliyeomba C tupu amepewa C tupu. Atumie "-std=gnu99", au aandike "#define _POSIX_C_SOURCE 200112L" juu kabisa, kabla ya heda zote. Kwa kosa moja, kijana amejua kwamba lugha ni kitu kimoja na mfumo unaoibeba ni kitu kingine, jambo ambalo vitabu vingi huliweka kwenye utangulizi usiosomwa.

Sasa mniruhusu nimlinganishe na washindani wake, kwa kuwa thamani ya mtu hujulikana kwa wale ambao wangekaa kwenye kiti chake. Washindani wa Bwana Kosa ni makosa ya kimya: yanayoipita kompaila kwa tabasamu, yakaenda kufanya kazi yao ndani ya programu inayoendeshwa.

Wa kwanza ni mpole kabisa. Kijana anataka seva yake isikilize porti 8080. Anaandika 8080 moja kwa moja, anasahau "htons", inayopanga baiti kwa mfuatano wa mtandao. Kompaila haisemi kitu, kwani nambari ni nambari. Kwenye kompyuta za kawaida za leo baiti mbili zinabadilishana nafasi, na seva inakwenda kusikiliza porti 36895. Iko hai, ina afya, inasubiri wageni kwenye mtaa ambao hakuna aliyeelekezwa.

Wa pili huvaa mabano vibaya: "if (fd = socket(AF_INET, SOCK_STREAM, 0) < 0)". Ulinganisho hufanyika kwanza. Soketi imefunguliwa salama, kwa hiyo jibu la "je, ni chini ya sifuri?" ni hapana, yaani 0, na 0 hiyo ndiyo inayotiwa ndani ya "fd". Sifuri ni nambari ya kibodi. Kijana sasa anajaribu kuipa kibodi anwani ya intaneti.

Wa tatu alikuwa muuaji. Kanuni za zamani ziliruhusu fanksheni isiyotangazwa, zikadhani inarudisha "int". Aliyesahau "arpa/inet.h" akaita "inet_ntoa" alipewa onyo dogo na programu iliyokamilika. Kwenye mashine za biti 64, pointa iliyorudishwa ilikatwa nusu, na programu ikaanguka ilipojaribu kuchapisha anwani ya mteja, mbali na mahali dhambi ilipotendeka. C99 iliifuta ruhusa hiyo mwaka 1999. GCC iliendelea kutoa onyo tu, hadi toleo la 14 la mwaka 2024 lilipompandisha cheo kuwa kosa kamili. Amesubiri barua ya cheo miaka 25. Watumishi wa umma watamwelewa.

Na hao ni wa maabara. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mishindo imesikika. Novemba 1988, mnyoo wa Robert Tappan Morris ulienea kwenye mashine za intaneti, na mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ya finger ya BSD, iliyosoma maombi kwa "gets", fanksheni isiyouliza nafasi iliyopo ni kubwa kiasi gani. Ilikuwa imekompailiwa salama. Februari 2014, Apple ilirekebisha programu yake ya usalama wa mtandao ambamo mstari "goto fail;" uliandikwa mara mbili, na ule wa pili ukaifanya programu iruke ukaguzi wa saini. Nayo ilikuwa imekompailiwa salama. Aprili mwaka huohuo ikatangazwa Heartbleed, kasoro ya OpenSSL: mteja alitaja urefu wa ujumbe wake, seva ikamwamini bila kupima, ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, siri zikiwemo. Kasoro hiyo ilikuwa imesambazwa tangu 2012, na katika muda wote huo hakuna mstari mwekundu uliotokea kwa sababu yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa mtandao hauna huruma wala haukuonyeshi mstari.

Watasema basi, kama ni hivyo, Bwana Kosa ana faida gani, ikiwa makubwa yote yanampita? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo sifa yake ya mwisho: anakubali kuongezewa kazi. Mpe "-Wall" na anaanza kuona mabano ya yule wa pili. Tangu GCC 6 ya mwaka 2016, kwa amri hiyohiyo, anaonya pia juu ya mstari uliosogezwa ndani kana kwamba uko chini ya "if" wakati hauko, ujanja uleule wa "goto fail". Mpe "-Wextra" na anaongeza macho. Mpe "-Werror" na kila onyo linapata cheo siku hiyohiyo, bila kusubiri miaka 25. Ni mtumishi gani mwingine ambaye ukimwongezea majukumu mara tatu hadai nyongeza ya mshahara?

Kwa hiyo, vijana wa maabara, acheni kusonya. Mpokeeni anapokuja, someni neno lake la kwanza kabla ya la hamsini, fungueni mwongozo, mpeni macho zaidi. Na siku mtakapoandika seva nzima, mkakompaili mara moja tu, akakaa kimya kabisa, msishangilie. Angalieni kwanza kama mlihifadhi faili.